Shemasi Asiyekula Mezani

Jumapili ile Mama Mvuke alitoka kazini akanyoosha moja kwa moja hadi kanisani. Hakupitia nyumbani. Angepita nyumbani angekiona kitanda, na akishakiona kitanda, basi tena, ibada ingemkuta anakoroma. Alikuwa ametoka zamu ya usiku katika chumba cha kufulia cha hospitali, miguu imemvimba mpaka viatu vinambana, macho yanamwasha kwa klorini, na chini ya kitambaa cha kichwa nywele bado mbichi kwa mvuke. Ndiko lilikotoka hilo jina lake.

Sasa kuna watu wanaodhani kufua shuka za hospitali ni kuzitia kwenye mashine kisha ukae pembeni upige umbea. Waje wajaribu siku moja tu, halafu tuongee. Mifuko inashuka kutoka wodini imejaa pomoni. Kila shuka lazima ikung'utwe kwa mkono kabla haijaingia mashineni, maana wauguzi nao ni binadamu, wanasahau. Ndani ya shuka Mama Mvuke ameshakuta vipimajoto, sindano, miwani, na siku moja meno ya bandia ya mzee aliyekuwa ameigeuza wodi nzima juu chini akilia kwamba ameibiwa. Shuka yenye damu haiguswi na maji ya moto. Maji ya moto yanaipika damu ikashikamana na uzi, na hapo utasugua mpaka uchoke mwenyewe. Ni maji baridi kwanza, tena mengi. Kisha kuna pasi kubwa ya mvuke, mmoja analisha shuka upande huu, mwenzake anaipokea upande ule, na kiuno kinakukumbusha umri wako bila kuulizwa.

Ndivyo alivyoishi tangu ujanani mpaka mvi zikamjia. Mume alimzika mapema, binti yake aliolewa mbali, na alichobaki nacho ni zamu na kanisa.

Kanisani alikuwa shemasi. Kazi yake ilikuwa kuandaa Meza ya Bwana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi: kukata mkate vipande vidogo vidogo, kumimina divai kwenye vikombe vya kioo ambavyo ukivitazama utasema ni vya kuchezea watoto, na kutandika mezani kitambaa cheupe pe. Kile kitambaa kiliwanyima usingizi akina mama wa makanisa ya jirani. Walikuwa wanauliza anatumia sabuni gani. "Maji baridi," anawajibu, nao wanaondoka wakinuna, wakidhani anawaficha.

Kanisa lile lilikuwa na desturi yake. Mtu akipewa kipande cha mkate, hali. Anakishika mkononi anangoja. Sinia inazunguka benchi kwa benchi, wazee wanapewa, vijana wanapewa, waliochelewa wakabaki mlangoni wanapewa, na ndipo mchungaji anapouliza, "Tumepata wote?" Watu wanaitika, "Tumepata," na wote wanakula kwa mpigo mmoja. Mgeni asiyejua alikuwa anajitupia mdomoni mara tu anapopewa, halafu anabaki anatafuna peke yake mbele za watu, uso umemshuka. Wenyeji walizoea kumpigapiga begani wakimwambia usijali, mwezi ujao utangoja.

Lakini Mama Mvuke mwenyewe hakuwa anakula. Aliyeandaa meza ndiye asiyeigusa! Sinia ilipoanza kuzunguka yeye alikuwa ameshaingia chumba cha pembeni, eti anaongeza divai, eti anatafuta kitambaa. Mchungaji akiuliza kama wote wamepata, yeye naye aliitika kutoka huko ndani, "Tumepata," na mikono yake mitupu. Waumini walidhani anakulia huko huko. Nani angemshuku shemasi? Mwezi ukaisha ukaja mwingine, mwaka ukaisha ukaja mwingine, na tangu msiba wa mama yake tonge la meza ile halikumpita kooni.

Sababu ilikuwa mdogo wake wa kike.

Wao walikuwa wawili tu kwa mama yao. Mama alipoanguka asiweze tena kuinuka, Mama Mvuke ndiye aliyemchukua nyumbani kwake. Mchana anafua shuka za wagonjwa wa hospitali, jioni anafua za mama. Alimgeuza, alimwogesha, alimlisha uji kijiko kwa kijiko, na alipotukanwa alitukanika, maana ugonjwa ulimharibia mama ulimi. Mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa anakuja kusalimia, tena siku mama ameshaogeshwa ananukia vizuri, anakaa ukingoni mwa kitanda wanacheka na mama, kisha anaaga. Hilo Mama Mvuke alilimeza. Wadogo ndivyo walivyo. Ila asubuhi moja alirudi kutoka zamu mbili zilizounganishwa, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda cha mama, na usingizi ukampiga hapo hapo. Mdogo wake akafika akamkuta hivyo. Mama naye alikuwa macho, anaongea, akili zimemrudia kabisa. Wakaongea wawili. Mama akakata roho. Mama Mvuke alipofumbua macho, jua lilikuwa limepanda, majirani wamejaa mlangoni, na mama ameshafungwa taya kwa kitambaa.

Hakumwamsha. Yuko pale pale, hatua mbili kutoka kitandani, na hakumwamsha!

Watu walimwambia mdogo wako alikuonea huruma, ulikuwa umechoka mno. Huruma gani hiyo? Baada ya miaka ile yote ya kinyesi na matusi, kuja kunyimwa neno la mwisho? Walizika, wakaachana makaburini, na hawakusemezana tena. Jumapili iliyofuata msiba mchungaji akahubiri kwamba mtu asiisogelee Meza ya Bwana na kinyongo rohoni, kwa kuwa atakula hukumu yake mwenyewe. Mama Mvuke alijichungulia moyoni akakuta kinyongo kimejaa tele, kama maji kwenye pipa. Akainuka benchini, akaingia chumba cha pembeni. Akasema nitakula nikishasamehe. Na kusamehe kukakataa kuja.

Basi Jumapili hii tunayoisema, ibada ilipoisha, mchungaji alimfuata huko chumba cha pembeni.

"Shemasi, leo mgonjwa wa kupelekewa meza ni mmoja tu."

"Afadhali, mchungaji. Miguu hii ingekataa wa pili."

"Amehamia vile vyumba vya kupanga nyuma ya kituo cha mafuta. Hospitali wamemrudisha nyumbani, wamesema hawana la zaidi. Ni fundi cherehani." Mchungaji akakohoa kidogo. "Nimeambiwa ni mdogo wako."

Mama Mvuke aliendelea kufuta kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka zamani.

"Nimetoka zamu ya usiku, baba mchungaji."

"Najua, mama. Pole sana."

"Umtume shemasi mwenzangu."

"Mwenzako amesafiri. Mimi nina maziko alasiri. Na nikimtuma Mzee Breki peke yake kwenye chumba cha mwanamke mgonjwa, haipendezi, unajua mwenyewe." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni yeye aliyeomba meza, mama. Hakukuomba wewe. Hajui nani atakuja."

Angesema nini? Akafungasha kisanduku cha wagonjwa. Mkate wa mgonjwa, mkate wa Mzee Breki. Kikombe cha mgonjwa, kikombe cha Mzee Breki. Kwa desturi wanaompelekea mgonjwa wanakula naye, ili asile peke yake kama mtu aliyetengwa, kwa hiyo vilitakiwa kuwa vitatu vitatu. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea viwili. Kwa wagonjwa wengine mambo yalipita tu, kwa sababu wengi wao walikuwa hoi, na Mzee Breki akianza kuomba anafumba macho kama mtu aliyetiwa pilipili. Usingizi umemjaa kichwani, na mawazo nayo hayamwachi, Mama Mvuke akafunga kisanduku. Hakukumbuka kwamba safari hii anakwenda kwa mtu aliyelelewa katika kanisa lile lile, anayejua kila kitu kinavyokwenda.

Mzee Breki alikuwa mzee wa kanisa, dereva wa malori mstaafu. Siku hizi kifua kilikuwa kinamsumbua, akitembea kidogo anasimama, anapumua, anaendelea, na jina likamganda hapo. Walikwenda mwendo huo huo, breki kwa breki. Wote wawili walikuwa wamechoka, na hakuna aliyemdai mwenzake maongezi.

"Unanuna, shemasi," mzee alisema waliposimama mara nyingine.

"Nina usingizi."

"Usingizi ninaujua, nimeendesha malori. Huo uso wako si wa usingizi."

Mama Mvuke akahamishia kisanduku mkono wa pili, wakaendelea.

Jirani mmoja aliwafungulia mlango, akawaonyesha viti, akatoka. Kilikuwa chumba kimoja. Cherehani imesukumwa ukutani na kufunikwa shuka, vipande vya vitambaa vimerundikwa kwenye kapu, na kitandani yupo mdogo wake, amekwisha. Amekwisha kabisa! Mabega yale yaliyokuwa yakijaza gauni sasa yalikuwa mifupa mitupu. Mama Mvuke, na hili lilimtia aibu baadaye, kitu cha kwanza alichokiona ni shuka. Ilikuwa na doa la damu ambalo mtu alikuwa amelifua kwa maji ya moto.

"Shikamoo, dada," mdogo wake akasema.

Shikamoo haikataliwi, hata ya adui.

"Marahaba."

Basi. Miaka yote ile, na kilichotoka ni hicho. Mama Mvuke akageukia kisanduku haraka, akatandaza kitambaa juu ya kigoda, akapanga vitu vyake. Mzee Breki akasoma, akaomba, akaombea mgonjwa na waliomuuguza na wanaosafiri na viongozi wote wa dunia, maana mzee akishika barabara hajui pa kukunja kona. Kisha Mama Mvuke akampa mgonjwa mkate, akampa mzee, akarudi nyuma, akasimama karibu na mlango.

"Tumepata wote?" mzee akauliza, macho amefumba.

"Tumepata," Mama Mvuke akaitika.

"Hatujapata," akasema mgonjwa. "Dada hana."

Mzee Breki akafumbua macho. Akatazama kigoda, akatazama mikono ya shemasi wake.

"Umesahau wako?"

"Ninyi kuleni tu. Mimi nilishakula kanisani."

"Dada," mdogo wake akasema. "Hata ukiwa umekula kanisani unakula tena na mgonjwa. Mama alikuwa shemasi, wewe na mimi tulikuwa tunambebea kisanduku. Unamdanganya nani?"

Mama Mvuke alitaka kutunga jingine. Uchovu ukamshinda. Akakaa kwenye kiti.

"Sili," akasema. "Sijala tangu tulipomzika mama."

"Jamani!" Mzee Breki akashusha mkono. "Na hivyo vikombe vyote unavyotuandalia?"

"Nimewaandalia ninyi."

"Kwa nini, dada?"

"Unaniuliza kwa nini? Wewe ndiye wa kuniuliza?" Sauti ilimpanda, naye akaiachia. "Kwa sababu yako! Kila nikiinyooshea mkono ile meza nauona uso wako. Nawezaje kula, nami sikutakii mema? Ulinikuta nimelala kwenye kiti nikamkosa mama yangu. Ulishindwa kunigusa bega tu?"

Machozi yakaanza kumtoka mdogo wake bila kelele, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

"Mimi nilikuwa nakula," akasema. "Kule nilikokuwa nasali. Kila Jumapili ya meza nashika mkate wangu, nangoja, na najiambia, hatusemezani, hatutembeleani, lakini leo dada naye amekaa mahali ameshika wake. Angalau hapa tuko meza moja. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kwako." Akavuta pumzi. "Kumbe nilikuwa nakula peke yangu."

Hilo lilimwingia Mama Mvuke mpaka kwenye mfupa. Alikuwa amejinyima miaka yote akidhani anajiadhibu mwenyewe. Haikuwahi kumjia kwamba kuna mtu upande wa pili wa meza anamngoja.

"Na kuhusu mama nikuambie," mdogo wake akaendelea. "Watu walisema nilikuonea huruma, nikawaacha waseme. Haikuwa huruma, dada. Nilikuwa na wivu. Siku zote alikuwa wako. Mimi nilikuwa mgeni kwenye kitanda chake. Nilikuona umelala, nikasema leo acha awe wangu. Sikujua kama atakufa saa ile. Lakini alipoanza kubadilika pumzi nilijua, na bado sikukuamsha. Nimekosa. Nimekukosea wewe na nimemkosea mama, maana alikuulizia."

"Aliniulizia?"

"Macho yalikuwa yameshafifia, hakukuona pale kitini. Akasema, mkubwa wako yuko wapi. Nikamwambia yupo, anakuja."

Loo! Mama Mvuke aliinuka akaelekea mlangoni. Alikuwa anatoka, tusidanganyane. Hasira ilimjaa mpaka mkono ukalikosa komeo la mlango. Akabaki amesimama, ameegemeza paji la uso kwenye ubao. Nyuma yake hakuna aliyemwita. Alisikia tu pumzi mbili, ya mzee inayokoroma kifuani na ya mgonjwa inayokatika.

"Sijakusamehe," akasema, bado ameupa mlango uso.

"Najua."

"Sikuambii kwa kukutisha. Nimejaribu. Nimeomba, nimefunga, haiji. Nilikuwa nasubiri nistahili ndipo nile."

"Mama," Mzee Breki akasema taratibu, "mimi niliyoyafanya barabarani nikiwa dereva nayajua mimi na Mungu wangu. Ningengoja nistahili, ningekuwa nimeshakufa njaa."

Mgonjwa akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Mama Mvuke akageuka. Alimwona mdogo wake anahangaika na kile kipande cha mkate, kidogo kama ukucha, anajaribu kukikata katikati kwa vidole visivyoshikana. Makombo yalikuwa yanamwagikia shuka.

"Acha," akamwambia. "Utakimaliza chote."

Akarudi kitandani. Akamshika mkono, mkono mwepesi mno ule, na wakakikata pamoja. Nusu ikabaki kwa mgonjwa, nusu akaishika yeye. Aliogopa kweli, maana aliyoyasikia siku ile ya mahubiri aliyaamini, na kinyongo kilikuwa bado kimo ndani, hakijapungua hata kikombe.

"Tumepata wote?" mzee akauliza. Safari hii macho alikuwa ameyafumbua.

Shemasi akaitazama nusu yake.

"Nimechoka kukuchukia," Mama Mvuke akamwambia mdogo wake. "Sijui kama huko ndiko kusamehe. Nimechoka tu. Siwezi tena."

"Inatosha, dada."

"Tumepata," Mama Mvuke akasema.

Wakala. Kipande kilikuwa kikavu, kikamkwama kooni, ikabidi ameze mara mbili. Kikombe kile kimoja wakanywa wawili, mgonjwa kwanza, kisha yeye, na divai haikufika hata kulowesha ulimi. Halafu Mama Mvuke akalia. Hakulia kwa staha ya shemasi. Alilia kwa mdomo wazi na kamasi, akamlilia mama yake, na neno la mwisho asilolisikia, na mdogo wake huyu anayemwishia mikononi sasa hivi walipoanza kusemezana. Mzee Breki alianza sala ya kufunga, akaona hakuna anayemsikiliza, akasema amina akatoka nje kuvuta hewa.

Walipotulia, mgonjwa alikuwa ameishiwa nguvu kabisa. Mama Mvuke alimwinua kichwa, akamgeuzia mto upande wa baridi.

"Kesho utakuja?"

"Kesho niko zamu."

"Ukitoka zamu."

"Nikitoka zamu sifai kitu, mdogo wangu. Unaniona nilivyo. Nitakaa kwenye hicho kiti, usingizi utanichukua hapo hapo."

Mdogo wake akamshika kidole, jinsi alivyokuwa anamshika walipokuwa watoto wakivuka barabara.

"Njoo ulale," akasema. "Nitakuamsha."